Bangi ya Osiri na Chumba cha Siri

Jumanne, Septemba 3, 1996

Wamemchagua Javan! Javan wangu! Kati ya wapiga redio wote wa wilaya, yeye!

Amekuja mpaka kibandani kwangu saa za kazi, kofia mkononi, jasho tele. Nilidhani kuna msiba. Nikaachia pedali ya cherehani, uzi ukakatika. Akasema, Bhoke, wananipeleka chumba cha siri. Nikapiga kigelegele kimoja — mama anayeuza viazi hapo jirani akaacha mizani, akaja mbio kuuliza nani amejifungua.

Chumba cha siri ndicho cha mwisho kwenye korido ya ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, hapa Homa Bay. Mlango wa chuma. Ujumbe wa serikali unaingia humo ukiwa tarakimu tupu, mtu anakaa anaugeuza kuwa maneno, halafu anampelekea DC kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mmoja tu. Mzee aliyeko anastaafu mwisho wa mwaka. Na Javan miaka yote amekaa kwenye redio ya kawaida, ova, ova, kutwa nzima — lori la mahindi limekwama wapi, chifu wa Magunga anaomba askari, ova. Sasa mlango wa chuma!

Binti yetu Linet haelewi ni nini lakini amecheza mpaka akakalia beseni la maji. Nimechinja kuku. Siku ya Jumanne, kuku! Wacha tule.

Alhamisi, Septemba 5

Kuna jambo. Kumbe huingii hivi hivi. Kuna veting.

Mtu wa usalama anatoka Nairobi, anazunguka akiuliza habari zako. Nyumbani kwenu, kanisani, mahali ulipofanya kazi zamani. Anauliza jirani. Anauliza mke. Anataka kujua madeni, wanawake, siasa, pombe.

Na bangi.

Javan alilitaja hilo neno akiangalia ukuta. Mimi nikaendelea kuchambua dagaa wa omena. Hatujalitaja ndani ya nyumba hii tangu tuoane.

Niandike basi, hapa hakuna anayesoma. Kabla ya redio Javan alikuwa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nilikuwa nauza chapati na maharagwe pale kwa shangazi yangu. Ndiko tulikoonana, mimi Mkuria, yeye Mjaluo wa Mbita. Tukaongea Kiswahili kwa sababu hatukuwa na kingine, na mpaka leo ndiyo lugha ya nyumba yetu. Vijana wengi pale walikuwa wakivuta kabla ya kushuka shimoni. Walisema inatoa woga. Javan alivuta. Si mara moja ya kujaribu — asubuhi na jioni, karibu miaka miwili.

Halafu siku ile ya Boaz. Boaz alikuwa rafiki yake, wakichimba shimo moja: mmoja chini na sururu, mmoja juu kwenye kamba. Siku hiyo Javan ndiye alikuwa juu. Alivuta, akajilaza, akalala. Mvua ikaja. Nilipowapelekea chapati nilimkuta amelala chali, mvua inampiga usoni, na anatabasamu! Na sauti ya Boaz inatoka ardhini. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Alikuwa amejaribu kupanda kwa kucha, akaanguka, mguu ukavunjika. Nilimzaba Javan makofi mpaka akaamka. Tukaivuta ile kamba sisi wawili. Viganja vilichubuka, vyangu na vyake.

Javan hakuvuta tena. Hata sigara. Aliondoka Osiri wiki ileile. Mguu wa Boaz ulipona vibaya, nasikia anachechemea. Hawajaonana tangu hapo.

Nimemuuliza, utasema nini? Akasema, nitasema hapana. Na wewe sema hapana.

Nikasema sawa.

Jumapili, Septemba 8

Tumetoka Mbita kwa mama mkwe. Mbavu zinaniuma kwa kucheka na pia sina raha.

Javan alimwambia Mama Roseline jambo dogo tu: kuna mtu atakuja kuuliza, msiongee sana. Basi! Mama akavaa kitambaa kichwani kama anaenda vitani. Ibada ilipoisha alisimama mlangoni mwa kanisa, hakuna aliyepita bila kufundishwa. Akawaambia, mkiulizwa, Javan hajawahi hata kunusa. Semeni hivyo. Hata kunusa!

Cephas, mwenyekiti wa kanisa, akakuna kidevu. Ni mtu mpole, ana mitumbwi miwili na hapendi matata. Akamwambia Mama, "Lakini min Javan, si siku ile alikuja kututembelea kutoka Osiri tukamkuta nyuma ya zizi, anacheka na mbuzi?"

"Hiyo ilikuwa malaria," Mama akasema.

"Alikuwa anamwambia mbuzi shikamoo."

"Malaria, Cephas! Ilikuwa imepanda kichwani."

Watu wakaitikia, ndiyo, malaria, malaria. Ikawa malaria kuanzia hapo.

Javan alijaribu. "Mama, wacha tu. Usiwafundishe watu." Mama akamgeukia: "Wewe nyamaza, nyathina. Nilikuzaa, naweza kukuosha." Akanyamaza. Tangu lini mtu akabishana na Mama Roseline?

 

Jumatano, Septemba 11

Mtu wa usalama amefika Mbita jana. Wanasema anaitwa Bwana Nyarangi, Mkisii, mfupi, sauti ya chini kama mtu anayeongea na mgonjwa. Mama ametuma salamu na mtu wa samaki: mambo yameenda vizuri sana, msiogope. Kila aliyeulizwa amesema maneno yaleyale. Javan hajawahi hata kunusa. Cephas akaogopa kwamba hayatoshi, akaongeza kwamba Javan hata maua hanusi.

Hata maua!

Nani anaongea hivyo? Mtu gani hana hata doa moja, hata kuiba embe la jirani? Ningekuwa mimi huyo Bwana Nyarangi, ningefunga daftari na kuanza upya.



Ijumaa, Septemba 13

Siku ya leo! Nianze wapi?

Asubuhi Javan aliitwa kwa intavyu, afisa wa pili wa usalama yuko ofisini kwa DC. Alivaa shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Mlangoni akageuka. "Bhoke. Hapana, eh?" Nikasema, hapana. Akaenda.

Sikuwa nimemaliza hata kola moja ya sare za shule nikaona kivuli kwenye kitambaa. Bwana Nyarangi mwenyewe. Amekaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa, akavua kofia. Nikamtilia chai. Akanywa polepole. Nikajua: Javan yuko kule anaulizwa, mimi niko hapa naulizwa, na hakuna njia ya kumwonya mwenzako.

"Mama Linet, mlijuana wapi na mume wako?"

"Osiri."

"Ulikuwa unafanya nini Osiri?"

"Kuuza chapati."

"Za kusukuma?"

"Za kusukuma." Nikaanza kumwona ni mtu mwema, na hapohapo akaniuliza, kwa sauti ileile ya chini:

"Javan amewahi kuvuta bangi?"

Hapana ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi, hata nikioga. Lakini nikasikia tena sauti ya Boaz ikitoka ardhini. Nikafikiri: nikisema hapana, basi mvua ile haikunyesha. Mguu haukuvunjika. Na baya zaidi — Javan hakuacha! Maana ataachaje kitu ambacho hakukifanya? Alitoka Osiri akitetemeka mwili mzima, akakaa kwa mama yake wiki mbili bila usingizi, hakuna daktari, hakuna mchungaji, akaacha yeye mwenyewe na hajarudi. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote ninayoyajua juu ya mume wangu. Na mimi nilifute kwa mdomo wangu?

Nikasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Alivuta," nikasema. "Na akaacha. Ukiandika la kwanza uandike na la pili."

Akaweka kikombe chini. Akaniuliza vizuri, moja moja. Mara ya mwisho ni lini? Alikuwa akivuta mara ngapi? Aliwahi kuuza? Hapana, alikuwa ananunua tu, mpumbavu. Polisi walimshika? Hapana. Kuna kitu kilichomfanya aache? Nikamweleza Boaz, kamba, mvua, yote. 

Halafu akaniuliza hivi: "Na mtu akija kwako kesho, akakwambia, nipe habari za ofisi ya mumeo, la sivyo nitasema alivuta bangi na akataka kumuua mwenzake?"

"Nitamwambia amechelewa. Nimeshamwambia Bwana Nyarangi."

Akacheka! Mara ya kwanza. Ana pengo mbele.

Akasema, "Hilo ndilo tunaloliogopa, mama. Moshi wa miaka sita iliyopita si kitu sana, nusu ya vijana wa machimbo wangefukuzwa. Anayevuta sasa, huyo hapana. Anayeuza, hapana. Lakini hata aliyeacha, akiwa anaficha, mtu mwingine anaweza kumshika hapo na kumvuta kama ng'ombe." Akasimama, akavaa kofia. "Mbita wameniambia ni malaria."

Nikainama kwenye kola.

"Mimi nimeugua malaria mara nyingi sana," akasema. "Sijawahi kumwamkia mbuzi."

Kumbe hata habari za mbuzi anazijua! Nani amesema? Akaenda zake bila kuniambia zuri wala baya.

Na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Javan amesema hapana. Mimi nimesema ndiyo. Nimemfanya mume wangu mwongo mbele ya serikali, na sisi tulikubaliana mlangoni! Kola zote za mchana nimezishona kinyumenyume.

Alirudi jioni. Akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Akasema, "Bhoke, nimeharibu."

Nikasema, "Hapana, mimi ndiye nimeharibu."

"Hujui nilichofanya."

"Wewe ndiye hujui."

Tukaangaliana. Akasema aliulizwa, akafungua mdomo, akaanza — "ha—", na hiyo hapana ikakwama. Akakohoa. Afisa akampa maji. Akanywa maji yote. Halafu akasema ndiyo. Na alipoanza hakuweza kusimama, akasema mpaka kamba, mpaka makofi niliyompiga. Na njia yote kutoka ofisini alikuwa anafikiri, Bhoke amesema hapana, nimemfanya mke wangu mwongo.

Nilipiga kelele! Nilimrukia na mikono ina chaki! Wote wawili! Tulikubaliana kudanganya na wote wawili tukashindwa, kila mtu peke yake! Javan alicheka mpaka akapiga magoti. Linet akaja akatupanda mgongoni, anauliza ni nini, ni nini, na hatukuweza kumwambia.

Hata wasipompa hiyo kazi. Hata wasipompa! Nimeolewa na mtu.

Jumapili, Septemba 15

Mama Roseline amefika mwenyewe kutoka Mbita na jogoo kwenye kikapu. Alikuja kusherehekea. Tukamwambia.

Yawa! Sijawahi kuona. Alimtoa jogoo kikapuni akamrudisha, akamtoa tena. "Nimesimama mlangoni mwa kanisa! Nimemfanya mwenyekiti wa kanisa aseme habari za maua! Na nyinyi mmeenda mkasema ukweli, mkaniacha peke yangu na malaria yangu!"

Javan akasema, nilikwambia uache, Mama.  Mama akanigeukia mimi, nikajua leo nitarudishwa kwetu Ukuria.

"Nyar Kuria," akaniita, binti wa Kuria. "Ni wewe uliyeanza kusema?"

"Ndiyo, Mama. Hata sikujua naye amesema."

Akamshika jogoo miguu. Akasema, "Ulimpiga makofi mangapi, siku ile ya kamba?"

"Sikuhesabu, Mama."

"Ungeongeza." Akachinja jogoo.

Jumatano, Septemba 18

 Boaz amekuja.

Nilikuwa nakata kitambaa, nikasikia mtu anauliza, "Fundi, unapunguza suruali?" Nikasema ndiyo bila kuinua kichwa. "Mguu mmoja tu," akasema. "Wa kushoto."

Nikainua kichwa. Amenenepa kidogo, ana ndevu. Alikuja Homa Bay kutafuta mkanda wa mashine — siku hizi ana mashine yake ya kusaga mawe ya dhahabu palepale Osiri. Mguu wa kushoto ni mfupi, suruali inaburuta vumbi.

"Shemeji," akasema.  Nikachukua futi nikaanza kumpima ili nipate pa kuangalia.

"Mtu alikuja Osiri kuniuliza habari za mume wako."

"Ukasema nini?"

"Pima kwanza."

Nikapima. Nikatia pini kwenye pindo. Pini zilikuwa zinaanguka.

Akasema: "Nikamwambia aliniacha shimoni. Sikumficha. Mpaka leo mvua ikianza usiku naamka, nakaa kitandani, najishika kifua. Nilimchukia, Shemeji. Nilimchukia vizuri sana. Yule mtu akaniuliza, basi kwa maoni yako, serikali impe siri zake azishike?"

Mimi nimepiga magoti pale chini na pini mdomoni.

"Nikamwambia, mpe. Nikamwambia, leo nikiambiwa nishuke tena shimo lile, na nichague mwenyewe nani akae juu kwenye kamba, nitamchagua Javan. Wengine wote wanaweza kulala. Yeye hawezi tena."

Nililia. Sioni haya. Mama wa viazi aliona, akaniletea maji.

Na hapo Javan akatokea, amekuja kuchukua chakula cha mchana. Alisimama barabarani. Baiskeli ilimpigia kengele, hakusogea.

Boaz akasema, "Omera, ndugu, umenenepa."

Javan akasema, "Boaz, mimi..." Akakwama. Akatoa mkono wa kusalimia, akaurudisha.

Nilidhani Boaz atamwambia basi, yameisha. Wapi! Akavuta benchi akakaa, akanyoosha ule mguu mbele ya watu. "Sema," akamwambia. "Nimengoja miaka yote useme. Sema yote. Mimi sina haraka, suruali yangu inashonwa."

Javan akasema yote. Amesimama palepale, jua la saa saba, mama wa viazi anasikia, wateja wanasikia. Kwamba alivuta. Kwamba alilala. Kwamba alikimbia Osiri kwa sababu hakuweza kumwona Boaz akitembea. Kwamba kila mwaka alisema mwaka huu nitaenda, na hakwenda. Akasema, nisamehe, si kwa sababu ya kazi, kazi wachukue.

 Boaz akaangalia mguu wake. Halafu akanigeukia: "Shemeji, bado unapika zile chapati?"

Nilifunga kibanda! Siku ya kazi, sare hazijaisha, nikafunga! Nilisukuma chapati mpaka unga ukaisha. Wamekula pamoja kwa sahani moja, wakibishana kuhusu shimo gani lilikuwa na dhahabu zaidi, wakipigana mabegani. Linet amemuuliza Boaz kwa nini anatembea hivyo. Javan akajibu yeye. "Ni mimi, Linet. Nilimsahau." Linet akamwambia Boaz, "Hata mimi hunisahau dukani." Boaz alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Ameondoka na suruali yake. Imemkaa sawasawa, miguu yote miwili inagusa kiatu.

Ijumaa, Septemba 20

Si rahisi namna hiyo. Kamati itakayoamua habari ya Javan inakaa Jumatatu ofisini kwa DC.

Bwana Nyarangi amemwambia Javan wazi. Bangi yenyewe, wameielewa: ilikuwa zamani, aliacha, hakuficha, na aliyeumizwa amesema. Lakini Mbita! Kijiji kizima kimeimba wimbo mmoja. Aliyewafundisha ni nani? Kama ni Javan, basi ni mtu wa kupanga mashahidi, na huyo atauangalia mlango wa chumba cha siri kwa nje tu mpaka afe. Wanawataka Mama Roseline na Cephas wafike.

Javan ameniambia uso umempauka kama majivu. "Wakimtisha Mama atasema ni mimi, ili yaishe."

"Mama Roseline? Atishwe na nani?"

Lakini na mimi naogopa. Mama anampenda mno. Akidhani uongo mwingine utamsaidia, atausema, na atausema vizuri.

Nimempelekea ujumbe. Jibu limekuja na mtu wa samaki leo hii hii: Nyar Kuria anishonee gauni la kwenda serikalini. La njano. Mikono mirefu.

Basi nashona.

Jumatatu, Septemba 23

Naandika nikiwa kwenye benchi, koridoni kwa DC. Afadhali niandike kuliko kula kucha.

Cephas ameingia wa kwanza. Ametoka analowa jasho, Biblia yake kwapani. "Wamenibana," akaninong'oneza. "Mimi nasemanga ukweli, Mama Linet, unanijua. Nimekubali ilikuwa bangi. Nimekubali na mbuzi. Yule afisa aliponihoji Mbita, mbuzi alikuwa amenitoka mdomoni kwa bahati mbaya." Kumbe ni yeye!

Nikamuuliza, wamekuuliza nani aliwafundisha? Akafungua mdomo. Mama Roseline, pembeni yangu, akamwangalia. Akafunga. Halafu wakamwita Mama.

Ameingia. Njano tupu, mabega juu, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Sikumwambia aseme nini. Nilitaka, njia nzima kutoka stendi nilitaka. Nikauma ulimi. Tumefundishana vya kutosha.

Mlango ni wa mbao, hausitiri kitu. Sauti ya kwanza ni ya Bwana Nyarangi, siisikii. Halafu Mama, na huyo hata soko linamsikia:

"Ni mimi! Mimi mwenyewe, mlangoni mwa kanisa! Javan aliniambia niache, nikamwambia anyamaze. Mtoto akiambiwa na mama yake anyamaze, afanyeje? Mnataka mtu wa kufunga, hapa nipo, lakini mningoje nitoe mtama shambani."



 Cephas anasali kwa midomo.

Halafu mtu akacheka mle ndani. Mmoja. Halafu wawili!

Mama ametoka. Amekaa, amejipanga gauni. Nimemuuliza kwa macho. Akasema, "Wameniuliza kwa nini nilidanganya. Nikawaambia, nilidhani mnatafuta mtu ambaye hajawahi kukosea. Yule mfupi akasema huyo wamemtafuta, hawajampata bado." Akafungua mkoba, akatoa njugu, akaanza kula. Saa hii anakula njugu! Nampenda huyu mama.

Sasa Javan. Amepita mbele yetu, shati jeupe, hakutuangalia, lakini kidole chake kimegusa bega langu akipita. Mlango umefungwa.

Wanaongea. Siwezi kusikia. Sauti za chini zote. Kiti kimesogezwa.

Karani amefungua, ametoa kichwa. "Kuna mtu hapa ana Biblia? Ya ofisi haionekani."

Cephas amesimama kama ameitwa mbinguni. Ameitoa yake, karani ameichukua na kufunga mlango.

Mama amesimama pia. Njugu zimeanguka. "Ni kiapo cha ushahidi," ananiuliza, "au ni kiapo cha kazi?" Cephas hajui. Mimi sijui. Mtu anayefukuzwa haapishwi! Au anaapishwa? Sijui, sijui — lakini moyo wangu unapiga kigelegele, siwezi kuuzuia.

Naisikia sauti yake. Ni Javan. Ni sauti ya redio ile, pana, haitetemeki hata kidogo. "Mimi, Javan —"

Lori limepita nje na mawe yake, limefunika yote! Pita basi, pita!

Limepita. Bado anaongea. Ni sentensi ndefu, neno nililoshika ni moja tu: "siri". Mama ameweka sikio mlangoni kabisa, kitambaa kimemteleza kichwani, na mkono wake umenishika huu wangu wa kuandikia, ananivuta nami nisik—